Risiti Ipo

Filamu haina sauti. Dakika tatu na sekunde kumi na moja.
Ililetwa ndani ya kopo la biskuti, imesinyaa, yanuka siki,
nami kazi yangu ni kuiosha, picha kwa picha,
kwa pamba na subira, katika chumba cha chini
hapa Kassel, ambako mvua naijua
kwa viatu vya watu wapitao juu ya dirisha langu.

Ni mnada. Uwanja wa shule, theluji imekanyagwa ikawa tope.
Meza, vitanda, cherehani, sufuria ndani ya sufuria,
viti vimepangwa mistari kana kwamba vyangoja wageni,
kila kitu na karatasi yake ya namba, imefungwa kwa uzi.
Watu wamejaa, pumzi zinafuka. Wanacheka.
Mtoto mmoja anarukaruka juu ya godoro
lenye bonde katikati,
bonde la mtu aliyezoea kulala ubavu mmoja.

Naosha. Picha ya mia nne na sita:
mwanamke anatoka umatini amekumbatia saa ya ukutani
kama abebavyo mtu mtoto aliyesinzia,
mkono mmoja chini, mmoja kisogoni.
Anamtazama mpiga picha. Anatabasamu.
Pengo lile la jino nalijua.
Pengo lile lilinibusu kila usiku nilipokuwa mdogo.

Lisemwalo lipo, wamesema.
Hawakutuambia kitu juu ya lisilosemwa,
ambalo nalo lipo, limetundikwa sebuleni kwa mama
juu ya kochi la kijani,
na kila nusu saa linagonga.

Jumapili nilimpelekea picha. Mama akavaa miwani.
Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwa mtoto wa godoro.
"Huyu ni mimi!" Akafurahi, wallahi alifurahi,
miaka themanini na saba na meno yote nje.
Kisha kidole kikasogea.
Akavua miwani, akaifuta, hakuivaa tena.
"Ilikuwa ya mshona kofia wa namba kumi na nne," akasema.
"Lakini tulinunua. Marki kumi na nane. Risiti ipo."

Na kweli ipo, kwenye droo ya vitambaa vya meza:
mhuri wa tai, sahihi ya karani, wino haujapauka.
Kifaa namba mia mbili na tatu.
Mwenyewe: hakuandikwa.

Mwenyewe yuko njiani, mbele ya duka la simu,
kijiwe cha shaba, upana wa kiganja:
HAPA ALIISHI JETTCHEN OPPLER. ALIZALIWA 1881.
ALICHUKULIWA 1941. RIGA.
Kimewekwa pale ili mpita njia ajikwae.
Kujikwaa si kuanguka. Sawa.
Mimi nilipiga magoti, nikakisugua
kwa dawa ileile ya kung'arishia vijiko vya bibi,
na kijana mwenye simu mpya akanizunguka,
akasema samahani.

Saa niliipeleka makumbusho.
Bwana Wendelin, mpole, mwenye sauti ya maktaba,
akanifungulia ghala. Rafu mbili nzima.
"Thelathini na moja," akasema. "Zote zilinunuliwa."
Zilikuwa kimya, kila saa imeshikilia saa yake.
Akanipa fomu. *Jina la mwenye mali.*
Nikaandika Oppler, Jettchen.
Akasoma, akakuna shavu, akauliza taratibu
kama nina uthibitisho kwamba ilikuwa yake.

Ninayo risiti. Haimtaji.
Ninaye mama. Hataki kutia sahihi.

Nikapanda tramu namba nne kurudi nayo.
Viti vilikuwa vimejaa, nikasimama,
na katika kioo cheusi cha dirisha nikamwona mwanamke
mkono mmoja chini, mmoja kisogoni.
Nilijaribu kuishika namna nyingine.
Hakuna namna nyingine, ni nzito.

Kabla ya kituo cha tatu ikagonga.
Abiria wote wakageuka.